Vidole Vitano vya Kijani

Maabara nzima ilimwita Mama Tanuri, maana kazi yake ilikuwa kuoka madini adimu mpaka yawe unga unaong'aa, wa kutengenezea taa na vipima mionzi. Asubuhi hiyo alikuta mtu ameuchokonoa unga wake kabla haujapimwa.

"Aliyegusa leo atanitambua!"

"Mimi simo," mkuu wa maabara akaruka kimanga.

Mama Tanuri akazima taa, akawasha ile ya zambarau inayofanya unga ung'ae. Mikono ya wote ilikuwa safi. Ya mkuu ilinukia sabuni. Lakini juu ya upara wake vilimetameta vidole vitano, kijani kibichi.

"Siku nyingine, mkuu," alisema Mama Tanuri, "unawe mpaka kichwa."