Mke wa Kunyamazisha Watu

Ipo siku moja ambayo bado imenikaa kooni, mwanangu. Nilikuwa mke mgeni, bado naona haya nikiitwa kwa jina la mume. Wanyonyi wangu alikuja nyumbani na rafiki yake, nikapika jogoo kama mama mkwe alivyonifundisha, na firigisi nikaiweka juu kabisa ya nyama. Kwetu Bungoma firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke hupimwa kwa namna anavyoipakua. Wanyonyi aliichukua, akaikata katikati, nusu akamwekea rafiki yake kwenye sahani. Rafiki naye hakushukuru, kama mtu anayepokea kitu alichokizoea. Nilirudi jikoni na donge kifuani nisilolijua jina. Leo nalijua. Ulikuwa wivu.

Nakueleza haya kwa sababu uliniuliza Jumapili, pale nje ya kanisa. Ulisema, "Kukhu, wamama wote wameinua mikono, mbona wewe ulikaa tu?" Mhubiri alikuwa ametaka tuunge mkono sheria kali, serikali iwazuie wanaume kuoana na wanaume, na wanawake na wanawake, na wanaoishi hivyo watafutwe. Niliyaona macho yako. Ulidhani nyanya yako amechoka tu, au hakusikia. Nilisikia vizuri. Basi vuta kiti, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimekilalia.

Wanyonyi alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mahindi na za kusaga unga, zile posho mill, huko Kitale. Rafiki yake, Ndiema, alitoka upande wa Mlima Elgon, na walifanya kazi pamoja: wakati wa mavuno walizunguka mashambani, na miezi mingine walitengeneza mashine za watu. Wanyonyi alikuwa mtu mzuri. Hakunipiga, hakulewa, hakuniacha na njaa. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, mwanangu. Ukiwa na mume mlevi unaweza kwenda kwenu ukalia, na watu watakuelewa. Lakini utaenda kusema nini juu ya mume anayekusalimia vizuri, anayekuletea sukari, kisha analala amekugeuzia mgongo kama abiria mwenzako?

Tulipata watoto wawili, Nanjala na mdogo wake. Nilidhani watoto wangemleta karibu. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akacheza nao, akarekebisha paa, na kufikia Jumapili mchana alikuwa ameanza kutazama barabara. Aliponipa mkono wa kwaheri nilimwona anachangamka kama ng'ombe aliyesikia mlango wa boma ukifunguliwa. Nikajiambia: huko Kitale kuna mwanamke.

Nilianza kunusa mashati yake. Nilipekua mifuko. Nikisikia ameimba wimbo nisioujua, nilitaka kujua ameufundishwa na nani. Jirani yangu mmoja, mwenye ulimi mrefu, alinichochea: "Mama Nanjala, wewe umekaa hapa kupalilia maharagwe, na mwenzako anakula mume! Si uende?" Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa tayari kuitikisa nguo.

Nikaenda Kitale bila kumwambia. Aliishi mtaa wa Tuwan, kwenye nyumba za kupanga zinazotazamana. Mama aliyeuza sukuma wiki langoni aliniuliza namtafuta nani. Nilipomtaja Wanyonyi alitabasamu. "Hao wawili wameenda Kipsongo, kuna mashine imekwama huko. Watarudi tu mchana. Mlango haufungwi, ingia ungoje."

Niliingia kama polisi. Nilitafuta kitambaa cha kichwa, kiatu cha kike, hata nywele moja ndefu kwenye chanuo. Sikupata. Chumba kilikuwa kimefagiwa, vyombo vimeoshwa na kufunikwa, kitanda kimetandikwa kimoja, na godoro jingine jembamba limesimamishwa ukutani, lina vumbi. Niliona lile vumbi, mwanangu, nikakataa kulielewa. Niliketi nikamshukuru Mungu kwamba hakuna mwanamke.

Kisha wakaja. Wa kwanza kuingia alikuwa Ndiema, na alikuwa amevaa sweta. Niliijua hata kabla sijauona uso wake. Niliifuma mwenyewe kwa ajili ya Wanyonyi nikiwa na mimba ya Nanjala, ya kijani, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kidogo kwa sababu nilikosea. Ndiema alikuwa ameukunja ule mkono mrefu, vizuri kabisa, kama mtu anayeivaa kila siku.

"Shemeji!" alisema, akasimama. "Si ungetuambia unakuja, tungekungoja."

Wanyonyi alikuja nyuma yake, akaniona, akanisalimu kwa heshima yake ile ile. Akauliza habari za watoto. Na wakati namjibu, Ndiema akaanza kufikicha jicho. Vumbi la mashine lilikuwa limemwingia. Wanyonyi aliniacha katikati ya sentensi. Hakufikiri. Alimshika kidevu, akamwelekeza dirishani, akalipuliza lile jicho polepole, akisema, "Usifikiche bana, utalichubua. Tulia."

Ni hayo tu. Wala hakuna zaidi nililoliona, siku ile wala siku nyingine. Lakini niliuona uso wa mume wangu. Nilikuwa nimeusubiri uso ule tangu siku ya harusi. Nilikuwa nimepika kwa ajili yake, nimezaa kwa ajili yake, nimesuka nywele, nimepaka mafuta, nimefunga na kuomba kwa ajili yake. Kumbe ulikuwepo. Ulikuwa Kitale, unapuliza jicho la mtu mwingine. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na siku ile yalikohoa mbele yangu.

Ningempata mwanamke ningemvuta nywele. Huyu ningemfanya nini?

Nilirudi Bungoma siku hiyo hiyo nikiwa nawaka. Na usisahau ilikuwa wakati gani. Nchi nzima ilikuwa inabishania katiba mpya. Kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya hospitali ya misheni kule Lugulu, watu walikuwa wanasema ati wakubwa wa Nairobi wataruhusu mwanaume aoe mwanaume. Chifu akaitisha baraza, watu waje watoe maoni. Nikasema moyoni: Mungu amenifungulia mlango. Nitasimama mbele ya kila mtu, nimtaje Ndiema kwa jina, kwao, na nyumba anayoishi. Serikali imchukue. Wanyonyi arudi nyumbani.

Asubuhi ya baraza nilivaa nguo yangu ya kanisa. Mama mkwe alikuwa ameketi uani anachambua maharagwe. Alinitazama.

"Unaenda wapi na uso kama huo?"

Nikamwambia yote. Nililia, nikatukana, nikasema la jicho na la sweta. Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua maharagwe, anatupa yaliyooza, mpaka nikaishiwa na maneno.

"Unataka serikali ikufanyie nini?" akauliza.

"Imshike."

"Halafu?"

"Baba Nanjala arudi."

"Wakimshika Ndiema watamuuliza alikuwa na nani. Watakuja hapa. Watoto wako wataitwa majina hata shuleni." Akaweka ungo chini. "Haya, tuseme hawaji. Tuseme wamemfunga yule peke yake na mume wako ameletwa mpaka kitandani kwako. Serikali ina askari gani wa kumlazimisha akupende?"

Nikasema, kwa hasira tu, "Wewe Mama unaongea ni kama ulikuwa unajua."

Aliuvuta ungo tena mapajani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilijua kabla sijaja kwenu kuposa."

Mwanangu, nilikaa chini pale pale, na nguo yangu ya kanisa.

"Watu walikuwa wameanza kuongea," akasema. "Umri ulikuwa unaenda, yeye hataki msichana yeyote, ni Ndiema tu, Ndiema tu. Nikaogopa watamuua. Nikasema akipata mke, watanyamaza. Na kweli walinyamaza."

"Na mimi, Mama?"

Hapo akanitazama. Alikuwa mama mkali, sijawahi kumwona analia, na hata siku hiyo hakulia.

"Wewe sikukufikiria," akasema. "Nilimfikiria mtoto wangu. Wewe ulikuwa mtoto wa watu."

Nilienda kwenye baraza hata hivyo, kwa sababu miguu ilikuwa imeshaamua. Nikaketi na wanawake. Mwanaume mmoja mwenye sauti kubwa alisimama akasema serikali ni lazima ilinde ndoa, na watu wakapiga makofi. Nikajiuliza: ndoa gani? Yangu ilikuwa na kila ulinzi. Mchungaji aliibariki, wazee waliishuhudia, cheti kilikuwa ndani ya sanduku langu na muhuri wa serikali. Haikukosa kitu, isipokuwa mume. Chifu alipouliza nani mwingine ana maoni, mkono wangu ulikuwa mapajani, mzito kama jiwe la kusagia. Nikauacha hapo.

Wanyonyi alipokuja mwisho wa mwezi nilimpelekea chai chini ya kibanda cha mahindi, watoto wakiwa shuleni. Nikamuuliza moja kwa moja.

"Mimi ulinipenda?"

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilikuheshimu, Mama Nanjala. Na nilidhani nitazoea."

"Kama kwinini."

Hakukataa. Akasema, "Nisamehe." Nami nikamwambia jambo ambalo sikujua ningelisema: "Nenda Kitale, ukae huko. Watoto watakuja kwako likizo. Lakini mimi sitakuwa mke wako tena, hata kwa jina."

Usidhani ilikuwa rahisi. Watu walinisema mimi. Ati nimemkataa mume mpole, ati nina kichwa kigumu, ati lazima kuna bwana mwingine. Baba yangu hakunisemesha kwa muda mrefu. Nami sikuweza kujitetea, kwa maana neno moja langu lingewachoma wale wawili, pamoja na watoto wangu. Nilibeba lawama kama mtu anayebeba mtungi uliotoboka, unammwagikia na hawezi kuutua. Kikao cha ukoo kilipokaa kutaka nifukuzwe kwenye shamba, mama mkwe ndiye aliyesimama. Alisema, "Kosa si la huyu mtoto. Ni langu, na msiniulize ni lipi. Atakaa hapa." Wazee walitazamana. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alinilipa alivyoweza, na nilipomuuguza uzeeni sikuwa na kinyongo naye, ingawa siku nyingine nilikuwa nacho kidogo. Mimi si malaika.

Baadaye alikuja babu yako, mjane wa upande wa Kimilili mwenye watoto wakubwa, mama yako akiwa mmoja wao, mtu wa kelele unavyomjua. Siku moja nilichelewa sokoni, nikamkuta amesimama njiani amenuna. "Ulikuwa wapi, na ni nani huyo alikuwa anakubebea kikapu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alidhani namdharau. Hakujua kwamba maishani mwangu ilikuwa mara ya kwanza mtu kunionea wivu.

Na wivu wangu je? Ulipungua, haukuisha. Juzi nilienda Kitale kununua mbegu, nikawaona wale wazee wawili nje ya duka la vipuri. Walikuwa wanagombana. Wanyonyi anasema Ndiema amesahau dawa zake za presha nyumbani, Ndiema anasema hajazisahau, Wanyonyi tayari anazo mfukoni, anamtolea moja moja na kunung'unika. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Sikutaka kurudiwa na yule mwanaume, hapana. Lakini nilichomwa, mwanangu. Nilichomwa na ile miaka ya ujana wangu, ambayo ningeweza kunung'unikiwa hivyo na mtu wangu mwenyewe, na badala yake nilikuwa ukuta wa kuficha nyumba ya watu.

Sasa nisikilize. Mimi ni mtu wa kanisa, na kuhusu sheria hiyo moyo wangu bado haujamaliza kubishana na masikio yangu. Sitakuambia uinue mkono au uushushe. Una akili zako, na siku ya kuulizwa utaulizwa wewe. Ila kabla hujaita serikali iingie nyumbani kwa mtu, jiulize ni nani anayeita: ni haki, au ni wivu uliovaa nguo ya kanisa? Mimi niliivaa hiyo nguo, naijua inavyobana. Serikali ikishaingia haichagui chumba.

Na hili ulishike zaidi, kwa maana nimesikia mama yako anakuharakisha. Usimwoe mtoto wa watu ili majirani wanyamaze. Kama moyo haupo, sema haupo, hata kama wazee tutakasirika. Hasira zetu hupoa. Mtu si mfuniko wa kufunikia sufuria inayochemka. Ataungua yeye kwanza. Na siku utakapokuwa mzazi, ukienda kuposa, usimfikirie mtoto wako peke yake. Mfikirie pia yule binti atakayeleta chakula mezani akitumaini kutazamwa.

Mungu akupe mtu ambaye uso wake utafunguka akikuona, na wewe wako ufunguke ukimwona. Akukinge na kitanda cha baridi, na akukinge usimtandikie mwingine kitanda kama hicho. Nyumba yako iwe na kelele za watu wanaojuana. Nenda salama, mwanangu, na umsalimie mama yako. Mwambie nitakuja mwenyewe kuongea naye.