Swali Alilolitafsiri Mama Mkwe

Aibu hii ningeizika ningeweza, ila wote walioiona wameshaisimulia kabla yangu, tena kwa kutia chumvi, mpaka juzi kambini kwetu kuna Mganda nisiyemjua hata jina alinisimamisha kwenye foleni ya basi akaniuliza kama ni mimi yule wa asali. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, basi lako hilo linaondoka.

Mimi ni fundi wa eisi, hivi viyoyozi, hapa Dubai, mtu wa Tanga, miaka arobaini na sita. Nilikuwa sijamwona mke wangu, Mwanaidi, kwa miaka miwili, akaja kwa viza ya matembezi. Kambini kwetu wafanyakazi tunalala sita chumba kimoja, kwa hiyo tukafikia mtaa wa Satwa kwa mama yake, Bi Salma, Mzanzibari anayeshona nguo katika mji huu tangu mimi sijaota ndevu, na Kiarabu anakiongea kuliko redio (mimi changu ni yalla, khalas na majina ya vipuri). Mama akatupa chumba chake, yeye akalala sebuleni. Sasa jiweke wewe hapo: kitanda cha mama mkwe, ukuta mwembamba, mke hujamwona miaka miwili. Nikaingiwa na woga wa kuaibika, nikanunua dukani asali ya vipakiti yenye picha ya simba, muuzaji akaniapia kuwa ni nyuki na mizizi tu. Nikala kimoja baada ya magharibi, nikaona kimya, nikaongeza cha pili, vilivyobaki nikavificha chini ya godoro.

Asubuhi yake, tukiwa kwenye chai, kifua kikabana kana kwamba mtu amenikalia, maumivu yakapanda tayani na kushuka mkono wa kushoto. Nikasema gesi. (Kwetu kila kitu kati ya shingo na kitovu ni gesi.) Nikatafuna tangawizi, nikalala ubavu, nikaenda chooni, saa nzima ikapita hivyo.

"Gesi gani hiyo inakutoa jasho na eisi iko kumi na nane?" Bi Salma akauliza.

Nikajibu nashuka kutembea kidogo itoke, nikashuka, nikafika mlango wa duka lake la ushonaji hapo chini, nikakaa kitako barabarani. Mama akapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Mhudumu alikuwa kijana wa Kiarabu, mpole. Alinilaza garini milango ikiwa wazi, akanibandika vibandiko vya waya kifuani, akatazama karatasi inayotoka kwenye mashine, akasema neno ambalo hata mimi nililielewa: moyo. Akanitafunisha aspirini. Kisha, kabla ya kunipulizia dawa chini ya ulimi, akamgeukia mama na kumuuliza jambo, na mama akauvuta mtandio wake vizuri, akawa anaitazama tairi ya gari.

"Anauliza kama umetumia dawa ya... ya nguvu za kiume. Jana au leo."

Nyinyi mnajua mkwe ni nani. Mimi huyu mama hata kula naye sahani moja sijawahi. Na mlangoni walikuwa wamesimama mafundi wake wawili, futi za kupimia shingoni, na jirani yetu Mkenya mwenye mfuko wa mboga.

"Astaghfirullah, mama! Mimi?"

Mama akatafsiri, na nadhani aliongeza la kunisifu, maana maneno yalikuwa mengi kuliko yangu. Kijana akapuliza. Haikupita muda dari ya gari ikaanza kwenda mbali, masikio yakaziba, nikamsikia Mwanaidi akipiga kelele kama yuko mtaa wa pili. Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa juu, mkononi nina dripu, na yule kijana mpole hakuwa mpole tena.

"Anasema dawa aliyokupulizia ikikutana na ile nyingine presha inaanguka, mtu anakufa," mama akasema. "Anauliza tena." Safari hii hakuitazama tairi, alinitazama mimi. "Mwanangu, mimi nimezaa watoto saba, na sikuwaokota sokoni. Jibu."

"Asali," nikasema.

"Sema kwa sauti!"

"Asali, mama! Ile ya simba! Viwili!"

Cherehani dukani zilikuwa zimenyamaza, kwa hiyo nadhani nilisikika vizuri. Kijana akataka kukiona kipakiti chenyewe. Ikabidi niseme kiliko. Mama alisikia kwamba ni chini ya godoro lake, akafumba macho, akatafsiri. Mwanaidi akapanda mbio, akarudi mbio, kipakiti amekiinua juu ili kisicheleweshwe na umati, na simba akaonekana na kila mtu.

"Woi, aki pole bro," akasema yule Mkenya.

Hospitali walipitisha mpira mwembamba kifundoni mwa mkono hadi kwenye moyo, wakakuta mshipa umeziba, wakauzibua kwa puto na kuweka springi ndogo ibaki pale. Hilo nililielewa haraka, bomba ni bomba. Daktari akasema asali ile wanaichanganya na dawa yenyewe ya nguvu za kiume kisirisiri, na kwamba ile saa moja ya gesi imeniulia kipande cha moyo ambacho hakitarudi. Hapo niliogopa kweli. Nilikuwa nimekaribia kumwacha Mwanaidi mjane kwa kumwonea haya mama yake.

Basi nimeapa: daktari akiuliza, najibu, awepo nani, asiwepo nani. Wiki ya pili tulirudi kliniki sote watatu, nesi akasema wanaweza kunitafutia mkalimani kwa simu, bwana mmoja mstaarabu, nikakataa, nikasema mama yupo. Daktari akauliza kama navuta sigara. Nikajibu ndiyo. Ngapi kwa siku? Kumi na mbili. Tangu lini? Tangu kabla sijaoa. Mama akatafsiri yote bila kupepesa, nami nikajisikia mwepesi kabisa, mtu mkweli, mpaka nilipogeuka na kumwona Mwanaidi, ambaye ndiyo kwanza anasikia kwamba navuta.