Vifaranga vya Samaki kwa Mtamba Wetu

Kila redio inaposema samaki wetu wa kufugwa watauzwa hadi ng'ambo, mwanangu, mimi nakumbuka siku moja kule Kitale. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kila mtu alichimba bwawa. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, na mume wangu alishafukua nusu ya shamba la mahindi.

Akaja jamaa na pikapu, nyuma kuna pipa la vifaranga vya samaki. Hakutaka pesa. Alitaka mtamba wetu aliyekaribia kuzaa, ng'ombe pekee tuliyemtegemea kwa maziwa, nami nilikuwa mjamzito. Mume wangu tayari ameshika kamba! Lakini ukiwa mke mgeni, ungesema nini?

Mama mkwe wangu alishuku hata salamu. Watu wake walihamia kutoka Mkoa wa Kati, samaki kwao si chakula. Alichojua ni mbuzi, na mbuzi humnunui bila kumfungua mdomo, uone meno, ujue umri. Basi akakunja mkono wa sweta, akatoa samaki mmoja mdogo kama kidole, akambana mashavu, akachungulia.

Jamaa akaangua kicheko. "Shosho, samaki si mbuzi, bana!"

Mara mayai ya manjano yakamtoka samaki mdomoni, yakamwagika kiganjani.

"Mtoto gani huyu ana mimba?" Mama akauliza.

Mimi ni wa Bumula, samaki nimekula tangu utotoni, nikaelewa papo hapo. Tilapia jike hubeba mayai mdomoni, lakini akishakomaa. Wale walikuwa wazee waliodumaa kwa kubanana kwenye bwawa la mtu, ungewalisha hadi leo wasikue. Nikayasema hayo kwa sauti, mbele ya wakwe.

"Huyo mmoja aliingia kwa bahati mbaya," jamaa akasema.

Mama akatoa mwingine. Mayai tena. Mume wangu akamrudisha mtamba zizini, na yule bwana akaondoka mbio, maji yakimwagika barabarani.

Sasa sikiza, mwanangu. Fuga samaki, uza hata Uchina ukiweza. Lakini anayekuharakisha utoe kitu chako, mshuku kwanza. Tia mkono ndani ya pipa, wacha wakucheke. Na ukijua jambo, sema, hata kama wewe ni mgeni pale nyumbani. Mungu akupe macho makali na ulimi usioogopa, na watoto wako wasikose maziwa kwa sababu wewe uliona haya.