Mtoto Niliyempokonya Sikukuu ya Mtakatifu Andrea

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa parokia yetu hapa Mbumbuni, akina mama wote tulishona kitenge kimoja, na vipande vilivyobaki tukabebea watoto. Nilimwachia mama mkwe mtoto wangu Mwende, nikaenda kupakua pilau. Kurudi, namwona mwanamke nisiyemjua akipanda boda na Mwende mgongoni.

“Shuka, mwizi wa watoto!”

“Dada, huyu ni wangu.”

“Na hicho kitenge ni cha nani?”

Nikamfungua mtoto kwa nguvu. Alikuwa mvulana wa meno mawili. Mwende hana hata moja.

“Mama Mwende,” mama mkwe akasema nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona Mwende mikononi mwake, nikapumua. “Huyo mrudishie mwenyewe. Huyu wako anataka kunyonya.”