Upepo Chini ya Dungu la Saadi

Saadi wa Ngorongo alikuwa na kipaji adimu: jambo akilijua mara moja halimtoki, hata likiisha kazi. Alikulia shambani juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ambacho watu wa bondeni hujenga ili Mto Rufiji ukifurika upite chini yao, nao wakae juu wakifukuza ndege na nguruwe kwenye mpunga. Sakafu yake ni fito zilizoachana, upepo unapenya kutoka chini, na joto la Januari linakusahau. Saadi akaamua kwamba hiyo ndiyo nyumba. Nyingine zote ni makosa ya mafundi.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, gunia likaacha kuombewa kibali kila kizuizi, kila mtu Kibiti alikuwa anakaribia kutajirika. Wengine tulibaki palepale barabarani tukinunua rahisi na kuuza ghali, kazi isiyo na hadithi. Saadi akafunga mizigo ya kamba wakavu, akaenda Mbeya, kwa hoja kwamba kule hawajawahi kuona kitoweo cha namna ile. Kweli hawakuwahi. Wengi walipokiona waliuliza ile miguu yote ni ya nini. Lakini wapo watu wa pwani waliohamia kule, wakamnunulia, akasogea. Akapata kiwanja. Akaandika nyumbani kwamba amejenga, mkewe aje.

Mkewe ni Muzdalifa, mtoto wa dada yangu, ambaye muda wote huo alikuwa kwa baba yake Kibiti akingoja. Shemeji yangu, Mzee Mtoro, akatoa hukumu: mtoto aende akaone. Nyumba ikikalika, akae. Isipokalika, arudi, na Saadi atoe talaka bila makelele. Wa kumsindikiza nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na nazi za kupeleka Mbeya na nauli yangu haikumhusu mtu. Heshima yangu katika ukoo imesimama juu ya mambo kama hayo.

Tulifika mwezi wa sita. Nawashauri wanaopenda kuharibu ndoa za watu wachague mwezi huohuo.

Mtaa wa Saadi umebandikwa ubavuni mwa mlima. Huko hawakuelekezi kulia wala kushoto. Ni juu na chini tu, na unakokwenda wewe siku zote ni juu. Mabomba ya maji yanafika nusu ya mlima yanachoka, kama mimi. Jua nalo mwezi huo linapita nyuma ya mlima, linachungulia asubuhi ikishakuwa kubwa na kuondoka kabla hujaanika shuka. Kibla kiko upande wa kilele: ukiswali nje, paji la uso linafika chini kabla mwili haujaamua kusujudu. Bei ya kiwanja inashuka kadiri unavyopanda, na hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu kitu. Saadi alipanda mpaka bei ikampendeza.

Njia nzima kutoka stendi Saadi alikuwa mbele yetu akisifu. Hewa safi, hakuna mbu, mji mzima uko miguuni pako. Nimeuza vitu vibovu vingi maishani, nikaitambua sauti.

Tukafika. Jirani zake wote walikuwa wamechimba ubavu wa mlima, wakasawazisha, wakajenga kwa tofali za kuchoma na madirisha madogo. Katikati yao, juu ya nguzo ndefu, na ngazi mlangoni, lilisimama dungu. La mbao, la bati, pana, limenyooka, kazi safi kabisa. Lilikuwa linangoja mafuriko.

Jirani wa juu, mzee aliyejifunika blanketi mchana, aliniambia walimshauri achimbe kama wenzake. Saadi aliwajibu kwamba wao hawayajui maji.

"Hapa mto ukifika," mzee akasema, "mjue mji wote umekwisha."

Ndani, sakafu ilikuwa ya mbao zilizoachana, kidole kinapita. Saadi alituonyesha zile nafasi kwa fahari, akasema amezipima mwenyewe ili hewa ipande vizuri. Ilipanda. Usiku ule nauruka, itoshe kwamba palipopambazuka Muzdalifa alikuwa amevaa kanga zake zote pamoja na shuka la kitanda, na mimi nilikuwa nimelalia magunia ya nazi zangu nikizionea wivu kwa kuwa zenyewe zimefunikwa.

Asubuhi alifunga mkoba. Hakulia, hakugomba. Alishuka ngazi, akakaa kwenye jiwe kando ya njia, akaniambia nikimaliza kuuza nazi tuondoke. Saadi akashuka nyuma yake miguu mitupu, akieleza kwamba mwezi wa kumi panapata joto.

"Mwezi wa kumi utakuja kuoa wapi mwingine wa kukuvumilia?" Muzdalifa akasema. "Bwana Saadi, umenijengea dema. Samaki ndiye hukaa humo, na samaki haoni baridi."

Nikaona kazi yangu imekwisha. Nikaanza kuhesabu nitakachomwambia shemeji.

Ndipo wauza mkaa wakaanza kushuka. Mkaa wa mtaa ule unatoka milimani nyuma ya kilele, nao hauna njia nyingine ila hiyo, inayopita mlangoni kwa Saadi. Vijana wanashuka na baiskeli wamezishika breki mpaka mikono inakufa ganzi, na safari ya kufika sokoni bado ndefu. Kinamama wa mtaa walikuwa wamekaa na makopo yao kuwavizia. Muzdalifa akawasikiliza. Akauliza bei ya gunia pale, akauliza bei yake sokoni chini, akauliza mbona kijana hauzi hapahapa akarudi zake. Kijana akajibu angeuza hata kwa hasara, lakini hakuna mwenye pa kuliweka. Nyumba zote zimebanana na mlima, na mkaa ukilala nje unakunywa umande.

Muzdalifa akageuka akaitazama nyumba. Juu hakutazama. Alitazama kule chini, baina ya nguzo, pakavu, papana kama ghala la ushirika, kwa tofauti kwamba hapa pangewekwa kitu.

"Kamba umebakiza wangapi?" akamuuliza mumewe.

Saadi akamjibu.

"Uza wote leo, tununue mkaa. Chini ni kwangu, juu ni kwako. Ukikataa, mjomba huyu hapa na basi lipo."

Saadi akaniangalia mimi, mjomba, kama mtu anayetarajia msaada. Nikamwambia ni bei nzuri, achukue.

Magunia yalipangwa kuzunguka nguzo, moja juu ya jingine, mpaka uwazi wote wa chini ukazibika. Upepo ukagonga mkaa ukarudi zake. Ndani mkapata joto la kibinadamu, Saadi akaanza kuwaeleza majirani kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Nilijaribu kumshawishi Muzdalifa aniingize kwenye hisa. Akaniuliza nimeleta nini zaidi ya nazi. Nikarudi Kibiti peke yangu, nikampa shemeji salamu, naye akasema alijua nyumba ni nzuri.

Kila nikipeleka nazi huwa ninapita kwao. Muzdalifa sasa ana banda la pili, mizani, na sauti ya mwenye mali. Saadi yupo juu. Kasoro ni moja tu: mtaa ukiwa na sherehe, au baridi ikizidi, wateja wanafuatana, magunia yanapungua, na upepo unapata tena njia ya kupanda. Saadi hana haja ya kumuuliza mkewe mauzo. Akiona nyayo zake zimeganda, anajua kumeuzwa vizuri, anavuta blanketi, anamshukuru Mungu huku akitetemeka.