Meza ya Sataranji ya Myamba

Kwetu Myamba, anayebaki nyumbani ndiye anayecheza nyeupe. Marehemu baba ndiye aliyeweka sheria hiyo. Alisema msafiri ana dunia nzima ya kuanza, basi amwachie mwenye nyumba hatua ya kwanza. Mimi sijawahi kukaa mahali pamoja tangu nimalize kidato cha nne, kwa hiyo mama ni mweupe siku zote.

Tunacheza kwa ujumbe wa simu. Nikiwa Kahama au Tunduru, natandika ubao wangu wa plastiki kitandani, na mama anakaa kwenye ile meza ya dirishani ambayo baba, fundi seremala, aliipaka miraba ya sataranji kwa mikono yake. Pembeni alichonga herufi na namba. Mama huandika mraba wa kutokea na wa kufikia, basi. Salamu huja baadaye, kama zikija.

Mwaka huu presha ya macho ilimzidi. Daktari kule Same alisema dawa ya matone italinda kidogo kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Nilipanda mlima nikamkuta ukumbini, anamenya tangawizi kwa kupapasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Na ngome yako bado iko hatarini, usidhani nimesahau."

"Nani anakusomea ujumbe siku hizi?"

"Jirani. Akinisomea hatua, mpaka wanakwaya wanajua umebanwa. Naona haya kwa niaba yako."

Nilikuwa nimemletea simu yenye programu ya sataranji inayosema kwa sauti: unaitamkia hatua, inamtumia mwenzako, kisha inakutamkia jibu lake. Nikamwambia tuanze mchezo mpya humo.

"Mpya wa nini?" akauliza. "Anayeshindwa ndiye hutaka kuanza upya. Huu ulianza kabla macho hayajaharibika. Nataka kuumaliza."

Hapo nikaelewa. Kama mchezo huo usingeingia kwenye simu, mama angeacha sataranji kabisa, na mimi ningebaki kupiga simu za kuulizia mvua.

Programu ilikubali kupokea mchezo wa zamani, ila uandikwe kwa mtindo unaotumika duniani kote. Nikakaa na jumbe zetu, nikazigeuza moja moja: farasi apewe herufi yake, askofu yake, hatua zipewe namba. Nikauingiza mchezo. Ikasoma vizuri hadi hatua ya nne, pale mama alipomficha mfalme nyuma ya ngome. Ikagoma: hatua hii haiwezekani.

Nikarudia. Ikagoma. Nikatafuta nukta iliyopungua, nikafuta nafasi, nikaandika upya yote. Ikagoma palepale.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inasema mfalme wako hawezi kujificha hapo."

"Iambie tayari amejificha, tangu mwaka jana."

Nikaiweka simu juu ya meza, nikaanza kumsimulia ubao wa kiooni ulivyo, na yeye akifuata kwa vidole. Rangi nyeusi ya baba ilikuwa nzito, imevimba kidogo, vidole vya mama vinaisoma.

"Mraba wa mwisho mkono wako wa kulia, mweupe," nikasema.

"Uongo. Huu mweusi."

Nikatazama meza. Nikatazama simu. Kweli, baba alianza kupaka rangi kwenye pembe isiyo sahihi. Na kwa kuwa alitufundisha malkia akae kwenye rangi yake, mfalme na malkia wetu walikuwa wamebadilishana viti maisha yetu yote; simu ilikuwa inamtafuta mfalme pale alipokaa malkia wetu. Hata ubao wangu wa plastiki nilikuwa nautandika vilevile kila mji.

Nikamwambia. Aliweka kiganja juu ya meza, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mzee wangu! Alipima hata jeneza la mchungaji bila kukosea, kumbe hapa alikosea. Usiiguse meza yake."

"Siigusi. Nitageuza herufi za miraba tu. Ya kwanza iwe ya mwisho, ya pili iwe ya pili kutoka mwisho. Wewe uanze kuhesabu kutoka kulia."

"Hilo ni dogo."

Nikageuza zote, za kwake na za kwangu. Safari hii simu ilisoma mchezo mpaka tulipoishia, ikatamka polepole kwamba ni zamu ya mweupe. Mama akainamisha sikio, akairudisha ile sauti aisikie tena. Kisha akahesabu miraba kutoka kulia, kidole kikipita juu ya rangi ya baba.

"Sasa safari yako ni lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi sichezi leo. Nenda, nitakukuta njiani."

Basi lilikuwa limeshaiacha Same nyuma simu ilipolia. Ngome yangu ilikuwa imeliwa.