Mtungi wa Ulezi Uani kwa Bibi

Nilirudi Sumbawanga mwezi wa saba mwaka jana nikiwa na begi moja, masweta mawili na hasira. Masweta ni lazima kwa mtu anayekwenda Ufipa wakati wa kipupwe, maana upepo wa kule hauombi ruhusa. Hasira niliipata kwenye simu. Katika kundi la ukoo, baba mdogo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba mnunuzi wa nyumba ya bibi amepatikana, kikao ni Jumamosi, na asiyekuja asilalamike. Mnunuzi alitaka kubomoa kila kitu ajenge nyumba ya wageni. Wapangaji wangepewa mwezi mmoja wafunge virago.

Sasa wewe mwenzangu unayenisoma, ngoja nikueleze nyumba yenyewe, usije ukadhani nalilia kibanda cha shambani. Nyumba ya bibi iko katikati ya mji, nyuma ya soko, pale ambapo ukipiga chafya muuza vitunguu wa ng'ambo ya barabara anakuitikia. Ni vyumba saba vya tofali za kuchoma vilivyozunguka ua mmoja, na milango yote saba inatazama uani. Ukitoka asubuhi lazima uwasalimie wenzako, utake usitake. Hata waliogombana jana walisalimiana, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kujifichia.

Na aliyeijenga ni mwanamke mmoja, mjane, asiyejua kusoma. Bibi yetu alitoka kijijini upande wa Matai akiwa na wanawe wawili, baba yangu na baba mdogo, akapata kiwanja wakati watu wanakikwepa kwa sababu ya tope. Walimcheka. Walimuuliza mjini atalima wapi, au atakula mawe. Yeye hakubishana na mtu. Aliendelea kulima ulezi kule kule kijijini, na kila baada ya mavuno alishuka mjini na mkokoteni wa ng'ombe, akajenga chumba kimoja. Kiangazi kimoja, chumba kimoja. Mwaka wa saba ua ulifungwa, na baadhi ya wale waliomcheka walikuja kuuliza kama kuna nafasi ya kupanga. Siku hizi mambo haya yanaitwa uwekezaji na watu wanaitiwa semina ukumbini wakanywe chai. Bibi yangu aliyafanya akiwa amefunga kitenge kiunoni, na mimi najivunia hilo mpaka kesho.

Nililelewa mle ndani tangu nikiwa na miaka minne. Nikifumba macho bado nasikia cherehani ya fundi wa chumba cha pili ikianza kabla kahawa haijachemka, na mwalimu wa hesabu wa chumba cha nne akisugua meno kwa kelele kama anaadhibu mtu. Chumba cha mwisho alikaa mama wa samaki, msichana bado wakati ule, mtoto wa Kiislamu kutoka Kasanga, aliyekuwa akipanda na migebuka mikavu kutoka ziwani kuja kuuza sokoni. Ua mzima ulinuka samaki siku za mzigo, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu jioni kila chungu kilikuwa na kipande. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji bombani, kufagia ua, na kusaga ulezi kwa jiwe mpaka mabega yanawaka moto. Ugali wake ulikuwa mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho yake. Bibi alikuwa akisema, "Sembe inakuaga mlangoni, ulezi unakusindikiza mpaka shambani."

Lakini kiini cha ua ule kilikuwa mtungi. Ulikaa pembeni mwa ghala, mkubwa kunipita mimi, umejaa ulezi, mdomo wake umezibwa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mavi ya ng'ombe. Unajua ulezi hauliwi na wadudu. Mahindi yatatobolewa kabla mwaka haujaisha, ila ulezi ukiuziba vizuri utakaa miaka na miaka, utaukuta kama ulivyouacha. Bibi aliuziba kila mwaka baada ya mavuno kwa mikono yake, akilainisha udongo kwa vidole vinne, na mistari ya vidole vyake ilibaki pale pale ikakauka.

Mtungi ule ulikuwa na sheria zake, na kila mpangaji alisomewa kabla hajapewa ufunguo. Ya kwanza, haufunguliwi mpaka njaa iingie kweli, na mwenye kutangaza njaa ni bibi. Ya pili, ukifunguliwa, ua mzima unakula, hakuna cha ndugu wala mpangaji. Ya tatu ndiyo ilikuwa kubwa: aliyekula haondoki wala haondolewi mpaka mavuno yanayofuata, arudishe sado moja ya ulezi, kile kindoo cha kupimia sokoni, mtungi ujae tena. Bibi hakutaka mtu ale akiba ya wenzake halafu apotelee Mbeya, na hakutaka pia mwenye nyumba amlishe mtu leo na kumtupa nje kesho.

Nilikuwa na miaka tisa nilipozivunja.

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua inanyesha kila siku, mazao bado machanga shambani, na sote tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Nilimuuliza bibi kwa nini hafungui. Akaniambia, "Hii si njaa, mjukuu wangu. Hii ni hamu." Mimi sikuona tofauti. Mchana mmoja, bibi akiwa sokoni, nilichokonoa udongo kwa kisu, nikachota vikombe viwili, nikaenda kujificha nyuma ya choo. Kusaga nisingeweza, jiwe lingenisema. Nikautafuna mbichi, mkavu, mpaka mate yakaniisha. Kisha nikakanda udongo, nikaziba, nikalainisha kwa vidole vinne kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikajiona hodari.

Bibi aliingia ghalani jioni ile ile kuchukua ungo. Akainama, akatazama mdomo wa mtungi, akaniita. Hakunipiga. Aliweka vidole vyake juu ya mistari yangu, akaniacha nione mwenyewe. Yangu ilikuwa midogo, myembamba, kama kuku amepita. Kisha akanishika mkono, tukazunguka milango yote mmoja baada ya mwingine, na kila mlango alisema neno moja tu: "Waambie." Nikawaambia. Mwalimu alinitazama juu ya miwani akaniuliza nimepata vikombe vingapi kwa kila jino. Mama wa samaki ndiye aliyenitoa machozi. Alichuchumaa akanambia taratibu, "Mwanangu, hujamwibia bibi yako. Umetuibia sisi."

Basi kwa kuwa mtungi ulikwisha funguliwa, bibi alisema umefunguliwa. Tulisaga, tukapika, ua mzima ukala. Fundi cherehani alikuwa ameshafunga mashine yake kwa kamba, anahamia Mpanda kesho yake asubuhi. Naye alikula. Alipomaliza akatazama mashine, akamtazama bibi, akaanza kufungua kamba pole pole huku akinilaani kwa upole. Alingoja mavuno, akaleta sado yake, na kufikia hapo alikuwa na wateja wengi kiasi kwamba hakukumbuka tena Mpanda. Sare zangu zote za shule alinishonea yeye, na kila aliponipima alisema, "Wewe mwizi, umekua."

Sasa turudi Jumamosi ile ya kikao. Tulikaa uani juani, maana kivulini baridi ilikuwa haifai. Baba yangu alikwisha kufa zamani, bibi alifariki miaka tisa iliyopita, kwa hiyo mkubwa alikuwa baba mdogo, aliyekuja kutoka Mbeya na karatasi kwenye bahasha na dalali pembeni. Ndugu zangu walikuwa wakichezea simu. Wapangaji walikuwa milangoni mwao wanajifanya hawasikii. Wa zamani aliyebaki alikuwa mmoja tu, mama wa samaki, sasa ni bibi kizee mwenye fimbo, chumba kile kile cha mwisho. Hana mume, hana mtoto, na Kasanga hakuna anayemkumbuka. Kumpa mwezi mmoja ni kumwambia akafie barabarani, na nililisema hilo waziwazi.

Nikasema pia kwamba kiinua mgongo changu cha unesi bado kipo. Nitabadilisha bati, nitajenga choo cha maana, nitatoboa fremu mbili za maduka upande wa barabara tukodishe, ua ubaki kama ulivyo. Baba mdogo huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Akaniambia, "Mama, hizo ni ndoto za mstaafu. Mji unakwenda mbele."

"Uende," nikamjibu, "ila usitukanyage."

Tulivutana hivyo mpaka mchana. Mwishowe mama wa samaki akatoka na fimbo yake. Akasema wageni hawawezi kukaa na njaa, lakini unga wake hautoshi watu wote hawa. Ila kuna mzigo wenu kwangu, akasema, mama yenu alinikabidhi alipozidiwa, na kwa kuwa mnauza, uchukueni. Vijana wawili wakaingia chumbani kwake wakautoa. Ulikuwa ule mtungi wa ghalani, umezibwa vile vile.

Nilimuuliza kwa nini hakuufungua miaka yote tisa. Akaniambia, "Hakukuwa na njaa, mwanangu. Ilikuwa hamu tu."

Baba mdogo alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kikao. Aliitazama ile mistari minne ya vidole vya mama yake, akaigusa, na mzee yule mkali wa herufi kubwa akalia mbele yetu. Halafu akasema, "Fungueni tule. Mama ametuandalia." Akachukua panga akaugonga udongo kwa mgongo wa panga, ukapasuka.

Nakiri kwako, na sitaomba radhi: nilijua anachokifanya, na nilinyamaza. Niliinama tu nikaokota kipande kimoja cha ule udongo chenye alama za vidole, nikakitia mfukoni.

Ulezi ulipelekwa mashine ya nyuma ya soko, ukarudi unga. Ulikuwa mzima, una harufu ya udongo mkavu. Tulipika kwa migebuka na maharage, na walioitwa ni wote, ndugu na wapangaji, mpaka kinyozi wa chumba cha tatu ambaye nilikuwa simjui. Dalali alikula mara mbili. Baba mdogo alikula kwa kufumba macho. Hakuna aliyezungumza habari za nyumba kwa muda mrefu, na nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu utotoni.

Mama wa samaki alikuwa wa kwanza kunawa. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasema tu, "Haya. Mtungi umefunguliwa."

Mkono wa baba mdogo ulisimama katikati ya sahani na mdomo. Alikua na sheria zile, alizisikia zikisomwa kwa kila mpangaji akiwa mtoto. Akamtazama yule mzee wa fimbo, akatazama milango yote saba, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, ulijua."

"Nilijua, baba."

Akamalizia tonge lake, akairudisha karatasi kwenye bahasha. Akamwambia dalali amwarifu mteja wake arudi baada ya mavuno. Dalali akashangaa, akauliza mavuno gani tena, mzee, hapa mjini. Baba mdogo akaitazama sahani yake. "Kwani wewe hukula? Na wewe unadaiwa sado."

Mnunuzi hakungoja, alipata kiwanja kwingine. Mimi sikungoja pia. Ndani ya mwaka huo bati zilibadilishwa, choo kikajengwa, na fremu mbili zikafunguka barabarani. Moja ina duka la dawa, nyingine cherehani, na fundi wa hiyo ya cherehani nilimchagua mwenyewe hata kabla hajaulizia kodi. Mwezi wa saba mwaka huu baba mdogo alikuwa wa kwanza kushuka kwenye basi, sado yake begani, amekataa kubebewa. Dalali alituma ya kwake kutoka Chala kwa bodaboda, kaijaza mpaka juu.

Usidhani nimerudisha yote. Mwalimu na fundi wangu wa sare wamelala makaburini, na lile bomba nililokuwa nikipangia foleni ya maji limeng'olewa. Mashamba ya ulezi yaliyokuwa yakianza pale mji unapoishia sasa ni nyumba, na wapangaji wangu wengi sado zao walizinunua sokoni. Jiwe la kusagia limekuwa kiti cha watoto. Na ule udongo alioulainisha bibi kwa mkono wake ndicho kitu cha mwisho alichokifanya katika nyumba hii, nasi tuliupasua kwa panga.

Mtungi ulipojaa, mama wa samaki aliniletea udongo uliokandwa, akasema zamu ni yangu. Nikaziba. Nikalainisha kwa vidole vinne, pole pole, nimeshikwa na woga wa mtoto wa miaka tisa. Nilipomaliza nilitoa mfukoni kile kipande cha mwaka jana, nikakiweka kando ya mistari yangu ambayo bado ilikuwa mibichi.

Mama wa samaki aliinamia mtungi, akaangalia hapa, akaangalia pale, na hakuweza kuniambia mistari ipi ni ya bibi.